Po-Yen na Mteremko wa Nukta Moja

Mpwa wangu Lai Po-Yen alipokuja kuishi kwangu Taichung alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mwenye masikio yaliyogeuka mekundu kila alipoulizwa jambo. Alileta begi la nguo, feni ya mezani na gunia la vitunguu saumu ambalo dada yangu, Hsiu-Man, alimbebesha kwa nguvu. Mimi ni mlinzi wa mlangoni katika jengo la ghorofa karibu na chuo kikuu. Napokea vifurushi vya wapangaji na kuandika majina ya wageni. Chumba kimoja nyumbani kwangu kilikuwa wazi tangu mama yetu alipofariki, kwa hiyo hapakuwa na mjadala juu ya mahali atakapokaa.

Kwao ni Yunlin, kijiji cha wakulima wa vitunguu saumu. Alisoma shule ya ufundi, na kwa kuwa aliongoza darasa lake, alipata mojawapo ya nafasi chache ambazo chuo huzitenga kwa shule za mashambani. Akapangiwa uhandisi wa umeme. Hakuna mtoto wa kijiji kile aliyewahi kufika huko. Baba yake, shemeji yangu Chin-Tu, alilipua fataki mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga, na kamati ya hekalu ikabandika ukutani karatasi nyekundu yenye jina la Po-Yen, maandishi makubwa kama sahani.

Somo lililomwangusha ni kalkulasi, ambalo kila mwanafunzi wa uhandisi hulianza mwaka wa kwanza. Nitalieleza kama alivyonieleza yeye, mezani kwangu, kwa penseli. Barabara iliyonyooka ina mteremko mmoja tu, ukiupima popote utapata uleule. Lakini mstari uliopinda hubadilika kila mahali. Sasa utajuaje mteremko wake kwenye nukta moja, wakati nukta moja haina urefu wala upana? Wanachofanya ni kuchukua nukta ya pili karibu na ile ya kwanza, na umbali ulio kati yao wanauita h. Wanapima mteremko kati ya nukta hizo mbili, halafu wanaivuta ile ya pili isogee, isogee zaidi, h ikaribie sifuri. Pale mteremko unapoelekea ndipo penye jibu.

Shule ya ufundi hawakumfundisha hayo. Kule walifundishwa kanuni: shusha kipeo, kisha kipunguze kwa moja. Waliikariri kwa sauti, darasa zima, kama watoto wanaohesabu ngazi. Mitihani yao ilikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na Po-Yen alikuwa akimaliza karatasi wakati wenzake bado wanachonga penseli. Mwalimu wake alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu hahesabu, huyu anaona."

Mtihani wa kwanza wa chuo ulikuwa Novemba. Siku matokeo yalipotoka alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu ya ulinzi, akaiweka karatasi juu ya daftari la wageni.

"Mjomba, hebu angalia. Jibu langu la swali la kwanza ni sahihi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Wameandika hapa wenyewe, jibu sahihi. Halafu wakanipa sifuri."

Niliisoma. Pembeni mwa jibu lake, lililokuwa mstari mmoja tu, mtu aliandika kwa wino mwekundu: Limetoka wapi?

"Swali linasema tuanze na maana yenyewe," alisema. "Tuanze na h. Mimi nikashusha kipeo. Kuna kosa gani kushusha kipeo?"

Karatasi nzima ilikuwa hivyo. Alipata alama thelathini na moja, na ya kufaulu ni sitini. Fizikia nayo ilianguka kwa sababu imejengwa juu ya kalkulasi, na somo la saketi likaifuata fizikia. Muhula ulipokwisha, Januari, alikuwa amefeli zaidi ya nusu ya masomo yake. Sheria ya chuo inajulikana na kila mtu: ukifeli zaidi ya nusu mihula miwili, mmoja baada ya mwingine, unaondolewa. Hakuna barua ya kuomba radhi wala kikao.

Mwaka mpya wa Kichina ulipofika tulikwenda Yunlin. Ndugu walipouliza masomo yanaendaje, Chin-Tu alijibu kwa niaba yake: "Yanaenda." Po-Yen alikuwa akila samaki bila kuinua kichwa, masikio yakiwaka.

Muhula wa pili alirudia kalkulasi katika darasa la waliofeli. Rafiki yake mmoja wa idara hiyohiyo, mtoto wa Taipei waliyemwita Kibonge, alikuwa akija kumsaidia. Walikaa kwenye kochi la wageni pale ukumbini, nami niliwasikia.

"Andika tu, bwana," Kibonge alikuwa akisema. "Weka h, gawanya kwa h, h inakatika, kisha weka sifuri. Umemaliza. Twende tukale."

"Subiri. Ulipogawanya kwa h, h ilikuwa sifuri au haikuwa?"

"Haikuwa. Huwezi kugawanya kwa sifuri, hata bibi yangu anajua."

"Na mstari unaofuata umeifanya sifuri."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ilikuwa nini?"

"Po-Yen, unaoa hii herufi? Unaichunguzia ukoo wa nini?"

"Hapo katikati kuna uongo, na kila mtu anapita juu yake kama haupo."

"Basi pita na wewe. Wewe nani usipite?"

Hakuweza kupita. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Shuleni kwao aliamini kanuni bila kuuliza, na sasa alikuwa ameulizwa mara moja tu, kwa wino mwekundu, na swali hilo likamwingia mwilini. Kila alipofika kwenye mstari ule wa h, mkono ulisimama. Wasichana na wavulana waliokuwa wakimzidi kwa mbali waliandika mstari ule kama wanavyoandika tarehe, wakaendelea na maisha yao.

Kulikuwa na msaidizi wa profesa, binti aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili, jina lake Kuo Ssu-Chi. Po-Yen alimwita Dada Ssu-Chi. Alikuwa akimfuata ofisini kwake kila wiki. Siku moja nilimuuliza alichoambiwa.

"Ameniambia h haifiki sifuri kamwe. Anasema nisiulize h ni nini, niulize mteremko unaelekea wapi."

"Na umeelewa?"

"Nikiwa mle ofisini naelewa kabisa. Nikifika kwenye ngazi imeshatoka."

Mtihani wa Aprili alipata thelathini na nane. Ilipoingia Mei, hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtu kama mimi. Akibaki kwenye kalkulasi na kufeli, masomo aliyofeli yangezidi nusu tena, na chuo kingemwondoa. Akijiondoa kwenye somo hilo kabla ya mwisho wa wiki iliyofuata, halingehesabiwa, na yale mengine yangemwokoa. Angechelewa mwaka, lakini angebaki mwanafunzi. Kujiondoa kulikuwa ni kubofya tu kwenye kompyuta. Nilimwambia ajiondoe. Ssu-Chi alimwambia hivyohivyo, na Kibonge akajitolea kumbofyia.

Po-Yen akasema, "Nitamuuliza baba Jumapili."

Jumapili hiyo ilikuwa siku ya akina mama, tukaenda Yunlin. Uani kulikuwa na vitunguu saumu vimetandazwa, Hsiu-Man ameketi kwenye kigoda akikata mizizi kwa mkasi. Po-Yen alieleza yote akiwa amesimama. Chin-Tu alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu.

"Ukijiondoa, pale kwenye cheti panaandikwa nini?"

"Panaandikwa nimejiondoa."

"Yaani umekimbia."

"Si kukimbia, shemeji," nikasema. "Ni kama kurudi nyuma ili uruke."

"Wewe unalinda mlango. Mtu akija kuiba, unarudi nyuma ili uruke?"

Hsiu-Man akasema bila kuacha kukata, "Chin-Tu, mtoto hajalala. Mwangalie macho."

"Basi tusibishane sisi. Twende tukaulize."

Kwa hiyo tulikwenda hekaluni, sote wanne, kumuuliza Babu wa Ardhi, mungu anayelinda kijiji. Huulizwa kwa vibao viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Unauliza, unavirusha sakafuni. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mviringo juu, amekubali. Vyote mviringo juu, amekataa. Vyote bapa juu, anacheka. Jambo zito linahitaji akubali mara tatu mfululizo.

Chin-Tu alipiga magoti. Goti lake la kulia liliumia zamani kwenye trekta, na hupiga magoti kwa shida, akishika ukingo wa meza ya ubani. Alitaja jina la Po-Yen, siku aliyozaliwa, mtaa anaokaa, chuo na idara.

"Abaki kwenye somo lake la kalkulasi?"

Akarusha. Vyote bapa juu.

"Anacheka," alisema Hsiu-Man.

"Nimesema haraka. Hajaelewa." Akarudia taratibu, akaongeza namba ya nyumba yangu. Akarusha. Vyote bapa juu.

"Labda hajui kalkulasi ni nini," nilisema.

"Mwambie basi, wewe uliyesoma sekondari."

"Hata mimi sijui."

Hsiu-Man akaguna kwa kucheka, akaziba mdomo. Chin-Tu akabadilisha swali. "Akibaki, na akikaza, atafaulu?" Vibao vikakubali. Akarusha tena, vikakubali. Mara ya tatu vikalala vyote mviringo juu.

"Amekataa," alisema Hsiu-Man. "Twende nyumbani."

"Amekubali mara mbili. Hapo ni mimi nimelisema swali vibaya. Yeye hawezi kuahidi alama, alama ni za profesa." Akafikiri, akajifuta jasho. "Babu, mtu akianza kazi, ni vizuri aimalize?" Mara ya kwanza vikakubali, mara ya pili vikacheka. Akaanza upya. "Babu, kusoma kwa bidii, bila kuogopa, ni jambo jema?"

Akakubali. Akakubali tena. Akakubali mara ya tatu.

Chin-Tu akaokota vibao, akavirudisha mahali pake kwa mikono miwili. "Mmeona wenyewe."

"Hilo silo tulilokuja kuuliza," alisema Hsiu-Man.

"Ni lilelile. Nimelinyoosha tu."

Nilimtazama Po-Yen. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya baba yake muda wote, na hakuwa akiangalia vibao. Alikuwa akiliangalia lile goti baya.

Kwenye treni ya kurudi nilimwambia bado anaweza kubofya mwenyewe, asimwambie mtu.

"Baba amepiga magoti, Mjomba."

"Nimeona."

"Amekwenda chini na kurudi juu mara ngapi kwa ajili yangu? Halafu mimi nibofye?"

Hakubofya. Wiki ikapita.

Kuanzia hapo alisoma kwa namna ambayo sikuipenda. Aliacha kwenda kula na Kibonge. Aliacha kunisalimia akipita mlangoni, si kwa ubaya, ila hakuwa akiniona. Hakufanya mazoezi mengi kama wenzake. Alichukua swali moja na kukaa nalo asubuhi nzima, akiandika kila hatua kwa maneno, na pale kwenye h akiandika aya nzima. Wali niliomwekea ulikuwa ukipoa na kukauka kwenye bakuli.

Jumapili moja ya Juni, nikiwa jikoni, alitoka chumbani na karatasi mkononi.

"Mjomba, nimelipata."

"Nini?"

"Hakuna uongo. Hawaifanyi sifuri. Kila utakapoisimamisha h, mimi naweza kuja karibu zaidi yako. Basi. Ni hilo tu. Jibu si mahali h inapofika, ni mahali ambapo mteremko hauwezi kukosa kuelekea." Akacheka, jambo ambalo hakulifanya tangu Septemba. "Ni kitu kidogo sana. Kwa nini hakuna aliyesema ni kitu kidogo?"

Siku hiyo alikula mabakuli matatu. Nilimpigia dada yangu simu nikamwambia mtoto amepona. Ssu-Chi naye alipoonyeshwa ile karatasi alimwambia kwamba katika darasa zima la kurudia, na pengine katika darasa la kwanza pia, hajaona aliyeielewa h namna ile. Tuliamini kwamba tumevuka.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki ya pili ya mwezi huo. Alitoka ametulia. Nikamuuliza yalikuwaje, akasema, "Nimeandika ukweli mtupu." Nilidhani ni habari njema.

Ssu-Chi alipiga simu siku alama zilipokamilika. Tulikuwa mezani, simu ikawekwa sauti ya juu kwa sababu mikono ya Po-Yen ilikuwa na mchuzi.

"Dogo, uko wapi?"

"Kwa Mjomba. Tunakula."

"Swali la kwanza umepata zote. Profesa ameisoma karatasi yako mbele yetu sote. Ila sasa, Po-Yen, hayo mengine..."

"Sikuyafikia."

"Najua hukuyafikia. Swali la pili lilihitaji mistari miwili. Wewe umeandika kurasa tatu. Ulianza na h."

"Ndiyo."

"La tatu pia ulianza na h, ukaishia katikati. Na kuanzia la nne ni karatasi nyeupe. Dogo, kwenye hayo kanuni zinaruhusiwa. Shusha kipeo, punguza moja. Unazijua tangu shule, ungemaliza nusu saa kabla ya kengele."

"Najua zinaruhusiwa."

"Sasa?"

Po-Yen alijifuta mchuzi mikononi. Ssu-Chi akaita, "Halo?"

"Niliishika kanuni, Dada," alisema mwishowe. "Nikataka kuiandika, mkono ukakataa kuandika kitu ambacho sijakionyesha kilikotoka. Nikasema nikionyeshe haraka tu, kisha niendelee."

"Lakini hukuulizwa."

"Nilishaulizwa."

Ssu-Chi alisema profesa alitafuta kila mahali pa kuongeza alama, na hata alipoongeza, jumla ya muhula ikasimama kwenye arobaini na saba. Alisema samahani mara kadhaa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia, ingawa yeye hakuwa na kosa. Simu ilipokatika Po-Yen alimaliza chakula chake, akaosha bakuli lake na langu.

Mwezi Julai chuo kilimwondoa. Tulikwenda Yunlin pamoja, yeye na begi na feni. Chin-Tu alikuwa uani. Nilikuwa nimeshamweleza kwa simu, kwa hiyo hapakuwa na la kusema. Aliichukua feni mkononi mwa mwanawe, akaitazama kama kitu kilichohitaji kutengenezwa, akaingia nayo ndani. Hsiu-Man aliuliza kama tumekula. Mezani hakuna aliyemlaumu mtu. Ingekuwa nafuu wangelaumiana. Chin-Tu alisema neno moja tu jioni ile, akielekea kwenye sufuria na si kwetu: "Babu alisema ni jambo jema." Dada yangu akaweka vijiti vyake vya kulia chini, akaondoka mezani, na hakurudi.

Kwetu kijana asiye mwanafunzi huitwa jeshini, na Po-Yen aliitwa mapema. Aliporudi hakutafuta chuo kingine. Sasa anafunga viyoyozi na fundi mmoja wa Douliu, mji ulio karibu na kijiji chao. Ni kazi ya majira ya joto, ya kuning'inia nje ya ghorofa ukiwa na kamba kiunoni, na mabega yake yanaifaa.

Mwaka jana nilikwenda kumwona akiwa kazini, kwenye paa la nyumba ya watu. Alikuwa akipinda bomba la shaba, taratibu, kwa kifaa cha mkono, ili lisivunjike kwenye kona. Nilisubiri alimalize. Nikamwambia kuna njia ya kufanya mtihani wa kuingia upya, kwamba nimeulizia, kwamba umri bado, na kwamba safari hii hata h haitamsumbua maana anaielewa kuliko wao.

"Ndiyo, naielewa," alisema.

"Basi jaribu tena."

Alilitazama bomba, akapitisha kidole kwenye ile kona aliyoipinda, akaenda nacho polepole mpaka upande wa pili.

"Mjomba, kabla sijaielewa nilikuwa na kanuni, na nilikuwa na haraka, na nilikuwa wa kwanza. Nilipoielewa sikubaki na kitu chochote." Hakusema kwa hasira. Masikio yake hayakuwa mekundu. "Usiniletee tena habari hiyo."

Fundi wake aliita kutoka chini akitaka kujua kama bomba liko tayari. Akajibu kwamba liko tayari, akalifunga kamba na kuanza kulishusha, nami nikashika mwisho wa kamba kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuishika.